Elfu Arobaini na Nane na Mia Saba

Mama yangu,

Shikamoo. Nianze na ubaya kwanza, maana hukupenda mtu anayezungukazunguka: namba yako nimeifuta mimi. Si baba, si kaka Elia, wala si betri zenyewe. Ni mimi, kwa vidole vyangu, mchana kweupe, pale barazani kwako, na nilikuwa nimeonywa. Ile elfu arobaini na nane na mia saba uliyoiacha kwenye gemu ya matofali haipo tena kama ulivyoiacha. Nimekaa na neno hili wiki nyingi. Leo nimefunika cherehani mapema hapa Kaloleni, nikasema heri nikuandikie, kwa sababu kuna mengine yametokea baadaye ambayo ukisimuliwa na mtu mwingine hutayaamini.

Unakumbuka gemu yenyewe ilivyoingia nyumbani? Ilikuwa ya Elia, ile ya kijivu ya kushika mkononi, yenye kioo kidogo na vitufe vya njano. Alikuwa kidato cha nne. Ukamkuta anaichezea chini ya meza, daftari liko wazi juu kama pazia, ukamnyang'anya na kumwambia, "Utaipata ukimaliza mtihani." Elia alimaliza mtihani, akamaliza chuo, akaoa, akahamia Dodoma, na gemu bado iko kwenye mfuko wa sweta yako. Mara ya mwisho alipoiulizia ulimjibu kwamba matokeo yake hayakukuridhisha. Wakati huo mwenzio ana watoto wawili.

Mimi ndiye niliyekufuma. Nilikuwa nakutafuta nikuulize kitu, na kitu chenyewe sikikumbuki, maana siku zile nilikuwa nauliza kila kitu mpaka ukanibandika jina la Bibi Kwa Nini. Nikakukuta nyuma ya zizi umekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, ng'ombe anasubiri kukamuliwa, wewe umeinamia kioo na kuuma mdomo upande mmoja. Mwenyekiti wa akina mama wa usharika! Hukustuka hata kidogo. Ulisema tu, "Baba yako asijue," ukaisogeza ndoo ya pili kwa mguu ili nikae.

Kwa nini asijue, uliniambia baadaye. Baba alisema siku moja, wageni wakiwa wamejaa sebuleni, kwamba mtu mzima anayecheza gemu ni mtu asiye na kazi. Alikuwa anamsema jirani, lakini wewe ulikuwa umebeba sinia la chai na gemu iko mfukoni. Ukaamua kwamba hatakuona nayo mpaka mwisho, na mama, ukisema jambo hukuwa unarudi nyuma.

Hebu nione kama bado nayakumbuka uliyonifundisha pale juu ya ndoo. Kioo ni chumba chembamba, kirefu. Vipande vinashuka kutoka juu, kimoja kimoja, na kila kimoja kina vitofali vinne, ila maumbo yanatofautiana. Unakisogeza kushoto au kulia, unakigeuza, mpaka kikae mahali pake. Mstari ukijaa toka ukuta hadi ukuta bila pengo, unatoweka, na vilivyo juu yake vinashuka. Ukiacha mapengo, rundo linapanda, na likigusa dari basi, umekwisha. Mchezo mzima ni huo, na bado ulikuwa unakutoa jasho.

Majina ya vipande uliyatunga mwenyewe. Kile kirefu kilikuwa fimbo. Cha mraba, sanduku. Viwili vyenye kona vilikuwa jembe na jembe la mkono wa kushoto. Vile vilivyopinda uliviita nyoka, na hukuvipenda, ukisema hakuna ajuaye nyoka anataka kulala wapi. Chenye kinundu katikati kilikuwa pua. Mpaka leo nikicheza kwenye simu hapa mjini nasema kwa sauti "njoo pua", na mteja aliyekuja kupimwa gauni ananitazama mara mbili.

Ukanieleza na hesabu. Mstari mmoja unapata mia. Miwili kwa mpigo mia tatu, mitatu mia saba, na minne elfu moja na mia tano. Kwa hiyo mtu mwenye akili hakati mstari mmojammoja kama anayechuma kahawa mbichi. Anajaza mistari minne, anaacha safu moja wazi pembeni, anangoja fimbo iingie humo na kufagia yote. "Na fimbo isipokuja?" nikakuuliza. Ukasema, "Inakuja. Wewe ndiye unayeiharibia mahali pake." Ukanikataza kukodolea macho kipande kinachoshuka, nitazame kile kidogo kinachooneshwa kwenye kona, kinachofuata, maana hiki kilichoko hewani nilitakiwa niwe nimeshakiamulia zamani.

Kitu kimoja ulikataa kunijibu. Watu wote niliowaona wakicheza wanaacha safu ya kulia. Wewe uliacha ya kushoto, siku zote. Nilikuuliza mara tatu, na mara tatu ukacheka, ukaniambia nikachote maji.

Basi. Ulipotuacha mwaka jana, baba alinyamaza. Sisemi alilia, angelia tungejua pa kuanzia. Alikuwa anaitikia shikamoo, anakata majani ya ng'ombe, anakaa barazani akitazama kule kwenye migomba tulikokulaza. Nikimpikia loshoro, ile ya mahindi na maziwa mgando, na unajua alivyoipenda, anakula vijiko viwili na kusema ameshiba. Aliacha hata kwenda kuangalia kazi za mafundi wenzake kule Tengeru, yeye ambaye hakuweza kupita kwenye msingi wa mtu bila kusimama na kuukosoa. Nikawa napanda kila Jumamosi kutoka Kijenge ninakolala, Elia anapiga simu kila siku, na wote wawili tulikuwa tunaogopa kitu kimoja ambacho hatukukitaja.

Jumamosi moja nikamkuta ameshika gemu. Ameitoa kwenye sweta yako, ile aliyokataa tuigawe pamoja na nguo zako nyingine. Akaniuliza, "Mama, hiki kidude kinafanyaje?" Nikaiwasha, ikalia kile kimlio chake, na juu ya kioo ikatokea namba. Akauliza ni ya nani. Nikamwambia ni yako, ndiyo kubwa kuliko zote ulizowahi kupata, imejiandika yenyewe ulipoifikia. Akaisogeza mbali na macho, akaisoma polepole, tarakimu moja baada ya nyingine. Kisha akasema, "Nifundishe."

Mama, ungekuwepo ungecheka mpaka uombe maji. Nimemfundisha fundi mwashi aliyejenga miaka arobaini kupanga matofali, na alikuwa mwanafunzi mbaya kuliko wote duniani. Kidole gumba chake, unakijua, kigumu kwa saruji, kilikuwa kinabonyeza vitufe viwili kwa pamoja, mpaka akachukua penseli yake ya kazi akawa anabonyeza kwa kitako cha hiyo penseli. Hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba alikuwa anaacha mapengo makusudi. Alipanga kozi ya kwanza, ndivyo mafundi wanavyouita mstari, vizuri, ya pili vizuri, ya tatu akaacha nafasi katikati, nadhifu, sawasawa kila upande. Nikamwambia, baba, jaza hapo. Akanitazama kwa huruma. "Nyumba gani haina dirisha?"

Nikamweleza kwamba si nyumba. Akasema sawa. Mchezo uliofuata akaacha mlango.

Na mstari wa kwanza ulipojaa ukatoweka, aliuliza "Nani amebomoa?" kwa moyo wake wote, akakigeuza kidude kutazama nyuma. Ilimchukua Jumamosi mbili kukubali kwamba kazi ni kuujaza ukuta ili uondoke. Mpaka leo anaiona ni kazi ya kihuni. Lakini siku ile alikula bakuli zima la loshoro, akauliza kama imebaki nyingine, nami nikaenda jikoni kumpakulia na kulia kidogo huko huko.

Tatizo likawa betri. Kioo kilianza kufifia, namba yako inaonekana ukiielekeza juani tu. Nilimwonya mwenyewe, kwa mdomo wangu huu: ukizitoa betri, kidude kinasahau kila kitu. Akasema zisiguswe. Nikamwambia zitakwisha zenyewe, baba, na itafutika vilevile. Akasema zisiguswe. Asubuhi moja, mlima ukiwa wazi na jua limetoka, nikamkuta ameilaza gemu kwenye kichanja, katikati ya kahawa inayokauka, ili betri zipate nguvu kama watu wanavyoanika za redio. Nikamgombeza, kioo kingeungua kikawa cheusi. Aliichukua, akaifuta kwa shati, akaiweka mfukoni. Akawa anacheza dakika chache tu kwa siku, akibana matumizi, na namba yako inazidi kupauka. Hapo ndipo nilipoelewa anaihesabu kama sauti yako ya mwisho, na kwamba ikizimika tutarudi kwenye vijiko viwili.

Sasa nisikilize, na usinikatize. Nilisoma kwenye simu kwamba ukiwa mwepesi, ukatoa betri na kuweka mpya kabla mtu hajapepesa jicho, kidude hakisahau. Ningeweza kukuambia nilitaka kumsaidia baba, na ni kweli nilitaka. Lakini wewe unanijua. Nilitaka pia kuona kama ni kweli. Baba alikuwa ameshuka kukata majani, gemu iko barazani, betri mpya ziko kwenye pochi yangu tangu wiki iliyopita. Nikafungua kifuniko. Moja, mbili, nikarudisha.

Kioo kiliwaka vizuri, tarakimu nyeusi tii kama mpya. Kikaonesha sifuri.

Maji yakimwagika hayazoleki, lakini mimi nilijaribu kuyazoa. Nilianza kucheza pale pale, mama, eti niifikie namba yako kabla hajarudi. Nilifika elfu sita, nikasikia panga linawekwa chini na baba anakung'uta viatu. Akaja, akaona jinsi kioo kinavyong'aa, uso wake ukafunguka. Kisha akasoma. Nikaanza kumweleza habari za kwenye simu, za kupepesa jicho, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyojisikia mjinga. Hakunigombeza. Alisema tu, "Nilisema zisiguswe, Upendo." Kwa jina, mama. Hajawahi kuniita kwa jina tangu nilipovunja ungo.

Jumamosi iliyofuata akaniita kwa jina tena. Chakula akala, sikukuta kimebaki, lakini alikula akinipa mgongo. Nilishona vibaya wiki mbili zile. Gauni la mtu nililitia mkono wa kushoto mahali pa kulia. Nilikuwa najiuliza kama mtu anaweza kumpoteza mama mara mbili, na mara ya pili akawa ndiye aliyesababisha.

Wiki ya tatu nikakuta kipande cha mfuko wa saruji mezani, kimeandikwa kwa penseli. Juu kabisa kuna namba yako. Chini yake hesabu: elfu na mia tano mara ngapi, mia saba mara ngapi, mia ngapi zimebaki. Nikamuuliza ni nini. Akanijibu kana kwamba ni jambo la wazi: namba imefutika kwenye kidude, lakini yeye anayo kichwani. Kwa hiyo ataifikia na kuirudisha. Isipungue wala isizidi. Ikipungua si yako, na ikizidi ni yake.

Nimemjua baba miaka yangu yote, na sikuwahi kumsikia akikumbuka hata siku yangu ya kuzaliwa. Namba yako aliikumbuka yote.

Akaanza kupanda. Elfu tisa. Elfu kumi na nne. Alikuwa ananipigia simu katikati ya kazi, bila salamu, "Nyoka wakija wawili mfululizo unawalaza wapi?" Nikamwambia ulivyokuwa unafanya, unawalaza mmoja mgongoni mwa mwenzake. Akakata simu. Hakuniita kwa jina wala kwa mama, lakini alikuwa anauliza, na mimi ni nani nimkatae mtu anayeuliza. Akafika elfu thelathini. Siku moja akapiga akiwa na huzuni kweli: fimbo ilikuja vibaya, imekata mistari minne alipotaka miwili, na amekupita kwa elfu moja na mia mbili. Kisha yule yule aliyekataza betri zisiguswe akazitoa kwa mkono wake, akangoja sifuri, akaanza upya.

Na Jumamosi iliyopita akaniambia kwenye simu, "Mama, njoo uone." Nilisikia hilo neno la kwanza tu, mengine sikuyasikia vizuri.

Nikamkuta barazani amevaa shati la Jumapili. Akanipa gemu kwa mikono miwili. Elfu arobaini na nane na mia saba. Niliisoma kwa sauti, akanitaka niisome tena. Akanieleza jinsi alivyofika na mstari mmoja wa mwisho, akaukata, kisha akaondoa mikono, akaacha vipande vijirundike vyenyewe mpaka juu bila kuvigusa, na jasho linamtoka. Nikamwambia tuifunge kwenye kitambaa, baba, tuiweke kabatini, asiiguse mtu. Akanishangaa.

"Ya nini? Cheza. Mimi nilitaka kujua alifikaje pale. Nimejua."

Akanionesha. Kitufe cha kulia kinagoma, mama. Polepole hukioni kikigoma, ndiyo maana mimi sikuwahi kujua. Lakini ukivuka elfu arobaini vipande vinamwagika kama maharage gunia likitoboka, na hapo kitufe cha kulia hakikufikishi ukutani kwa wakati. Cha kushoto kinakufikisha. Ndiyo maana safu yako ilikuwa ya kushoto. Nilikuuliza mara tatu ukanituma maji, na jibu lilikuwa kitufe kibovu. Au ulitaka nifike huko juu mwenyewe ndipo nijue? Hilo nalo nakuuliza, nikijua hutajibu.

Nikadhani amemaliza. Akachukua penseli, akaizungusha mkononi muda mrefu, kisha akasema, "Wewe unajua kuandika barua. Mwandikie mama yako." Nikamwambia aandike mwenyewe, nitampa karatasi. Akatikisa kichwa. Akasema ataharibu.

Basi nayaandika kama alivyoyasema, sijaongeza neno. Amesema nikuambie alikuwa anajua. Kile kimlio kilikuwa kinasikika mpaka kwenye migomba, miaka yote hiyo, na yeye kila akikaribia kona ya zizi alikuwa anasimama na kukohoa, ili upate muda wa kuificha. Alidhani anakusitiri. Amesema sasa amefika kule ulikofika, ameona palivyo pagumu, na wewe ulikuwa unafika huku maziwa yanasubiri. Nikuambie ulikuwa hodari. Na kwamba anatamani siku moja tu, hata moja, angepita ile kona bila kukohoa, akachukua ndoo, akakaa.

Kwaheri, mama yangu. Yuko barazani, ana afya, anakula.

Ni mimi,
kitindamimba wako